Ile baiskeli nyekundu: vivumishi vya Kidenishi kwa sisi Waswahili

Haya jamani karibuni, mlioko nyuma sogeeni mbele viti vipo. Leo ni vivumishi, na kwanza toeni hofu maana kazi ngumu mlishaimaliza mkiwa wadogo. Mtoto wetu hasemi kitabu mkubwa, anasema kitabu kikubwa, vitabu vikubwa, hakuna aliyemkalisha chini, sikio lenyewe linakataa. Kidenishi nacho kinataka upatanisho huohuo, tena ngeli zake mbili tu, en na et.

Baiskeli ni en, basi en rød cykel. Tofaa ni et, basi et rødt æble, iyo t iangalieni mwishoni mwa kivumishi. Yakiwa mengi ni e, røde æbler. Vichache havibadiliki, lilla (zambarau), moderne (-a kisasa), vichukulieni kama ghali na hodari zetu. Lille, yaani -dogo, wingi wake ni små, kariri tu. Na usitafute sababu ya ngeli, kwetu mtoto yuko na watu, kwao barn ni et, kwa hiyo kila nomino unayojifunza ibebe na en au et yake palepale.

Sasa hapa ndo naomba tutulie. Nyumba yoyote ni et hus, nyumba tunayoijua ni huset, ile et imehamia mkiani, na baiskeli inakuwa cyklen. Ukileta kivumishi mkia unakatika, mbele inakaa den, det au de: den røde cykel, det store hus (ile nyumba kubwa), de store huse (zile nyumba kubwa), na kivumishi kinachukua e hata kama ni et. Wengi nawasikia den røde cyklen, hapana, Mnorwe na Mswidi ndo wanaweka kote kuwili, Mdenishi anaweka sehemu moja. Mbona sisi tunasema ile baiskeli nyekundu, ile ikitangulia kila mtu anajua ipi, basi den ifanye ndo ile yako. Mkitembea Copenhagen someni majina: Den Lille Havfrue, ile sanamu ya nguva iliyowekwa 1913, sio havfruen. Den Sorte Diamant, maktaba, sio diamanten. Det Kongelige Teater, sio teatret. Mji mzima unakufundisha bure.

Kuna dada ameuliza vizuri, je kivumishi kikija baada ya er, yaani ni yetu? Hapo rudi kwenye ngeli, æblet er rødt, t inabaki japo tofaa lenyewe tunalijua. Ila mit røde æble, tofaa langu jekundu, hiyo inafuata e.

Haya tufanye mazoezi, kila mtu na nguo ya jirani yake. Dada mwenye mtandio wa bluu tuanze na wewe, tørklæde ni et, sema mtandio wa bluu. Et blåt tørklæde, safi. Sasa ule mtandio wa bluu, kumbuka blå haipokei e... det blå tørklæde, umepata kabisa, anayefuata.