Usiku wa Leo Zamu Ina Nani?

Mhadhara uliotolewa katika ua wa Ngome ya Lamu baada ya sala ya Isha

Bwana mwenyekiti, wazee wangu, mama zetu mlioketi upande ule, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni ili mpate kuchomoka mapema: assalaamu alaykum.

Habari za 2011, wageni walipotekwa hapa pwani, na za mashambulio ya Mpeketoni ya 2014, sitazirudia. Hakuna aliyeketi hapa asiyezijua, na wengine zimewafika nyumbani. Nina swali moja tu, lile lile ninalouliza kila baraza mpaka makarani wakiniona nasimama wanafunga daftari: je, wanaolinda mpaka wetu na Somalia wanatosha?

Kila nikiuliza hujibiwa, "Mzee, askari wameongezwa." Wameongezwa wangapi? "Hiyo ni siri ya usalama." Haya, siri tumeikubali. Basi nawauliza jingine: usiku wa leo, saa nane, maji yakiwa yamejaa, zamu ina nani? Hapo ndipo watu huanza kutazama viatu vyao.

Nimefanya kazi ya forodha mpaka nikastaafu, na kwa miaka mingi kazi niliyotupiwa, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, ilikuwa kupanga zamu. Kwa hiyo jambo hili silisemi kwa kusikia. Vijana, toeni simu zenu, kwa mara moja ziwe na faida. Wiki ina saa ngapi? Mia moja sitini na nane. Mtumishi mmoja, saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, anakupa saa arobaini. Gawanya. Unapata wanne na kitu. Maana yake, ili mlangoni pa kituo cha mpakani pasimame mtu mmoja tu, usiku na mchana, wiki nzima bila kukatika, unahitaji kuajiri watu wanne, na huyo wa nne bado hafikishi.

Bado hatujatoa likizo. Mtumishi wa serikali ana siku thelathini za kazi kwa mwaka, yaani wiki sita. Toa wiki tatu nyingine za homa, kozi, msiba na kortini. Katika wiki hamsini na mbili zimebaki arobaini na tatu. Mwaka mzima una saa 8,736 za kusimamia mlango ule, na mtu mmoja anakupa 1,720. Gawanya tena. Nani amepata? Sema kwa sauti, ami. Watano! Watano wa mshahara kwa mmoja wa kusimama.

Na mlango hausimamiwi na mmoja. Wa kwanza asimamishe, wa pili apekue, wa tatu aandike, wa nne awe na bunduki awatazamie mgongo hao watatu. Wanne mara watano, ishirini. Kwa hiyo ukisikia kituo cha mpakani kina askari ishirini, usitishike. Kwenye zamu ni wanne, na hapo nimedhani kwamba hakuna aliyeazimwa.

Lakini huazimwa! Nilikuwa na karatasi ya zamu ukutani, imebanduka pembe moja kwa unyevu, majina yako kushoto, siku ziko juu. Mwanzo wa mwezi imejaa wino wa buluu, inapendeza. Kufika katikati ya mwezi ni nyekundu tupu. Huyu likizo. Huyu kozi. Huyu alimkamata mtu, sasa ni shahidi: anapanda boti mpaka kortini Lamu, kesi inaahirishwa, anarudi, wiki tatu mbele anapanda tena. Huyu uhamisho, na aliyekuja badala yake hajaripoti. Huyu amechukuliwa kwenda kulinda mgeni rasmi. Mnayajua ya mgeni rasmi. Siku hiyo hapa uwanja wa Mkunguni sare zimejaa mpaka punda hana pa kupita, na huko visiwani kituo kina mtu mmoja na redio isiyo na chaji. Kuna kituo kimoja, sikitaji, ambako kwa wiki nzima usiku ulikuwa na mtu mmoja, naye alikuwa mpishi.

Mtaniambia: mzee, hao wa kambini hawafanyi saa nane, wanafanya kumi na mbili, siku sita. Naam. Piga hesabu hiyo pia, inakuja karibu watatu kwa kila mmoja. Umeokoa mishahara miwili. Sasa mtazame huyo mtu saa kumi ya alfajiri, siku ya sita, kisha uniambie kama anaona mashua au anaota mashua.

Hayo ni ya nchi kavu. Baharini ndiko kwenye kizaazaa. Boti ya doria inataka nahodha, fundi wa injini, mabaharia wawili na mwenye silaha. Watano. Ukitaka boti moja iwe majini wakati wote, watano mara watano, ishirini na watano. Kwa boti moja! Na boti moja majini maana yake ni boti mbili kumilikiwa, kwa sababu moja iko kwenye matengenezo daima. Kutoka hapa mpaka Kiunga, kule karibu na mpaka, kwa mstari wa ramani ni karibu kilomita 90, na mashua haiendi kwa mstari wa ramani, inazunguka visiwa na miamba. Boti ikiwa Kizingitini, Kiwayu hapana mtu. Ikiwa Kiwayu, Ishakani hapana mtu. Mwenye magendo ya sukari hahitaji kuikimbia boti. Anachohitaji ni binamu mwenye simu.

Walinzi wa Pwani wameundwa kwa sheria ya 2018, na Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akawazindua Liwatoni, Mombasa, pamoja na meli yao MV Doria. Tulifurahi. Lakini someni kazi waliyopewa: uvuvi haramu, magendo, mihadarati, usafirishaji wa watu, uchafuzi wa bahari, uokoaji, na tena pwani yote pamoja na maji ya bara, maana yake Ziwa Viktoria nalo wanalitazama wao. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikachora mstari wa bahari kati yetu na Somalia, Kenya ikaukataa. Uwe mstari huu au ule, wa kuulinda ni yule yule ambaye boti yake iko kwa fundi.

Sasa nifike panaponiuma. Serikali ikiwa haina watu wa zamu, hufanya nini? Hufunga. Ni mwenye duka anayefunga saa nane mchana kwa kuwa hana kijana wa kusimama kaunta, kisha anasema amefunga kwa usalama wa wateja. Mpaka wa Somalia ulifungwa rasmi tangu wakati majeshi yetu yalipovuka, 2011. Mei 2023 tukatangaziwa kwamba utafunguliwa kwa awamu, Mandera, Liboi, na hapa kwetu Kiunga. Haukufika mbali: mashambulio yakaja, na Julai ile ile ufunguzi ukaahirishwa. Simlaumu aliyeahirisha, askari walikuwa wamekufa. Nasema tu kwamba mlango uliofungwa kwenye gazeti la serikali unataka walinzi sawa na ulio wazi, au hata zaidi, kwa sababu sasa kila anayepita anapita kichakani.

Na baada ya 2014 tukafungiwa bahari. Kafyu ya nchi kavu tuliielewa. Lakini kuvua usiku? Miaka! Mvuvi wa nyavu za jarife hutega magharibi, akategua alfajiri. Samaki haji na kitambulisho saa nne asubuhi. Watu waliuza nyavu, watu waliuza mashua, watoto walitolewa shule. Hii ndiyo hesabu isiyoandikwa popote: zile zamu ambazo serikali haikuweza kuzijaza zililipiwa na mvuvi wa Faza na Kizingitini, kila usiku, kutoka mfukoni mwake.

Ubaya mwingine, ambao hata wakubwa wa usalama huukubali ukikaa nao faragha: mlipowatoa wavuvi usiku, mliwatoa mashahidi. Mtu wa Kizingitini anaijua mashua ya jirani kwa mlio wa injini. Akisikia mlio asioujua kwenye mkondo, anauliza. Huyo alikuwa zamuni bila mshahara, bila likizo, bila kozi. Mkamwambia alale.

Kuna anayesema, mzee, shida ni fedha, zikipatikana wataajiriwa. Tazama Marekani basi, ambao fedha wanazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 askari wao wa doria ya mpakani walikuwa kama elfu nne. Kufika 2011 wamepita elfu ishirini na moja, mpaka wao na Meksiko ukiwa wa kilomita zaidi ya elfu tatu. Baadaye wakashuka chini ya elfu ishirini, kwa kuwa walioacha kazi walikuwa wengi kuliko walioingia. Januari 2017 rais wao akaamuru waongezwe elfu tano. Wakaipa kampuni ya washauri mkataba wa kufika dola milioni 297 iwatafutie watu. Mkaguzi alipokwenda kutazama, kufikia Oktoba 2018, zilikuwa zimelipwa dola milioni 13.6 na kampuni ilikuwa imeshughulikia watu wangapi waliokubali kazi? Wawili. Msicheke, mimi mwenyewe nilisoma mara mbili. Wawili!

Kisa ni nini? Vituo vyao viko jangwani, mke wa askari hataki kukaa huko, shule hakuna. Isitoshe tangu sheria ya 2010 kila mwombaji hupimwa kwa mashine ya uongo, kwa sababu walipoajiri haraka haraka magenge ya magendo yaliingiza watu wao, na kwenye mashine hiyo kama theluthi mbili walikuwa wakianguka. Hapo ndipo namjibu na yule ambaye huniambia, "Hata mkiletewa elfu kumi, si watakula hongo tu?" Ndugu yangu, kuajiri kwa pupa ndiko kunakoleta hongo. Na askari mmoja peke yake saa nane za usiku ni rahisi kununuliwa kuliko wanne wanaotazamana.

Hivyo sisemi waletwe elfu kumi. Kwanza nataka tujue waliopo wako wapi. Kambi ya mpakani iliyo katikati ya msitu wa Boni inatumia sehemu kubwa ya watu wake kujilinda yenyewe na kulinda gari la maji. Barabara ina vilipuzi, kwa hiyo doria haitoki bila msafara, na msafara unataka watu, kwa hiyo doria haitoki. Unaweza kuongeza kambi nyingine tatu za namna hiyo na mpaka ukabaki ulivyo.

Pili, na hili nitalisema upesi kwa kuwa namwona mwenyekiti anahangaika na saa: vijana wetu wakiandikishwa polisi hupelekwa Turkana, na kijana wa Turkana analetwa hapa, bamvua ya kwanza anatapika mpaka anaomba uhamisho. Mimi simcheki, hata wetu kule huwatoka damu za pua kwa vumbi. Lakini kazi ya mkondo wanaijua Wabajuni, na kazi ya msitu wanaijua Waboni. Miaka miwili mtu anajifunza, mwaka wa tatu anahamishwa. Ukiitia hiyo katika hesabu yangu ya watano, mmoja kati yao daima ni mwanafunzi.

Ukuta? Ulianzwa 2015 kule Mandera, ukafika kilomita chache, ukasimama. Na ukuta usio na mtu juu yake ni kazi ya mwenye ngazi.

Droni, nimesikia, ami, nimesikia. Ndege isiyo na rubani ni kitu kizuri, nami naiunga mkono. Lakini picha yake inatazamwa na nani saa nane usiku? Mtu. Mmoja wa kutazama skrini, na ili awepo usiku na mchana unaajiri...? Watano, ahsanteni. Na akishaiona mashua, nani anaifuata? Turudi kwenye boti.

Kina mama wamenituma niseme jambo na nilikuwa karibu kulisahau: askari wa kike. Kituo kisicho na mwanamke zamuni, ama akina mama wanapita bila kupekuliwa, na wenye magendo wanalijua hilo vizuri sana, ama wanapekuliwa na wanaume, na hilo hakuna mwenye nyumba hapa atakayelikubali. Hata hapo, kwa mmoja mlangoni, ni watano.

La polisi wa akiba na posho zao, na la vitambulisho vya watu wa Ishakani, yanahitaji usiku wao. Kwenye baraza lijalo la kamishna wa kaunti nataka mniache niulize, msinivute kanzu. Sitataka siri yoyote. Nitauliza boti ngapi zinaelea leo, ngapi ziko kwa fundi, na petroli ya mwezi inaisha tarehe ngapi. Kama nazo ni siri, wamuulize yeyote anayekaa gatini, atawaambia bila kuinua kichwa.

Haya, maswali. Aanze yule bwana wa droni, naona hajaridhika.