Tallinn Wakati wa Baridi: Mji Uliojengwa kwa Kungoja

Wazee wangu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie safari ya majira ya baridi katika miji ya kale ya Bahari ya Baltiki. Nimechagua mmoja tu, Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Riga nayo ni nzuri, Gdańsk pia, lakini mji wa kale haujulikani kwa kupitiwa mbio.

Niseme mapema ninakoelekea. Wageni wengi huenda Tallinn mwezi wa Juni au Julai, wakati jua linakataa kuzama na viti vya mikahawa vimejaa uwanjani. Wanaona minara, wanapiga picha, wanaondoka. Mimi naamini kwamba aendaye kiangazi huyaona majengo bila kuielewa kazi yake. Mji ule umepangwa kwa ajili ya miezi ambayo bahari imefungwa, na mtu akitaka kuuelewa sharti aende miezi hiyohiyo.

Historia yake kwa ufupi. Mwaka 1219 Mfalme Valdemar II wa Denmark aliiteka ngome iliyokuwa juu ya kilima kinachoitwa Toompea. Wafanyabiashara wa Kijerumani wakajenga mji wao chini ya kilima, na mwaka 1248 wakapewa sheria za Lübeck, mji wa Ujerumani. Siku hizo mji uliitwa Reval. Ukaingia katika Hansa, ule ushirika mkubwa wa miji ya biashara ya kaskazini. Chumvi ililetwa kwa merikebu kutoka magharibi. Manyoya na nta vililetwa kutoka Novgorod, Urusi. Nafaka ya rai ililetwa na wakulima wa Estonia kwenyewe. Mji ukasimama katikati, ukapokea, ukahifadhi, ukauza.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Hansa ilikataza merikebu kusafiri tangu sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, hadi tarehe 22 Februari. Dhoruba, giza na barafu viliwahi kuangamiza mali na watu wengi. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana. Majahazi yalikuja na kaskazi yakangoja kusi, na katika kungoja huko watu waliweka akiba, walipangisha nyumba, wakafanya urafiki. Tallinn ilikuwa hivyo, ila kilichowafunga wao ni baridi.

Lakini baridi hiyo iliyofunga bahari ndiyo iliyofungua nchi kavu. Kiangazi, kuelekea Urusi kulikuwa na mabwawa, mito na tope. Maji yakiganda, njia inapatikana. Farasi huvuta masleji, yaani magari yasiyo na magurudumu yanayoteleza, yaliyojaa magunia juu ya theluji, na mzigo ambao ungekwama mwezi wa Mei hufika salama mwezi wa Januari. Kwa hiyo mji haukulala. Ghala zilijazwa kutoka bara zikingoja bahari ifunguke.

Hapo ndipo nyumba za mtaa wa Pikk zinapoanza kueleweka. Mtaa huu unapanda kutoka lango la pwani, pale penye mnara mnene uitwao Paks Margareeta, hadi chini ya Toompea. Simameni mbele ya nyumba tatu zilizoshikana zinazoitwa Kolm Õde, yaani Dada Watatu, za karne ya 15. Tazameni juu. Sehemu za juu zina milango midogo isiyo na ngazi, na juu yake boriti iliyochomoza nje. Hapo palifungwa kapi na kamba, mzigo ukavutwa kutoka barabarani. Ghorofa za juu zilikuwa ghala. Tajiri na familia yake waliishi chini, wakilala chini ya mali yao.

Je, walipataje joto? Hili lilinivutia kuliko makanisa yote. Nyuma ya ukumbi wa mbele kulikuwa na chumba kimoja cha kukaa, na chini ya sakafu yake, kwenye ghala la chini ya ardhi, palijengwa tanuri. Juu ya moto palirundikwa mawe. Kuni ziliwashwa, moshi ukapita katikati ya mawe ukatoka kwenye dohani. Moto ulipozimika na moshi kwisha, dohani ilifungwa, kisha vizibo vya matundu ya sakafuni vikaondolewa. Hewa ikapita kwenye mawe yenye moto ikapanda chumbani, bila moshi. Ukiingia kwenye mkahawa wa mji wa kale huku masikio yanauma kwa baridi, ukakaribishwa kwenye chumba cha nyuma chenye kuta nene za mawe ya chokaa, utajua kwa nini maisha yote ya majira haya yalisogea nyuma ya nyumba.

Na vijana wasio na nyumba? Pikk namba 26 pana jengo la Udugu wa Vichwa Vyeusi, chama cha wafanyabiashara vijana wasiooa, wengi wao wageni. Msimamizi wao alikuwa Mtakatifu Mauritius, askari ambaye masimulizi ya Kanisa yanasema alitoka Thebes, Misri. Kichwa chake, kichwa cha mtu mweusi, ndicho nembo yao, nacho kimechongwa mlangoni na ukutani. Niliposimama pale, Mwafrika katika theluji, niliguswa sana. Tusidai zaidi ya yaliyopo: hao walikuwa vijana wa Kijerumani, na Mauritius alikuwa mlinzi wao wa mbinguni, si mwenzao wa biashara. Hata hivyo walichagua kuishi chini ya uso huo kwa karne nyingi, na ni haki yetu kuujua.

Sherehe zao kubwa zilikuwa za majira ya baridi, Krismasi na siku za kabla ya Kwaresma. Inasemekana kwamba mwaka 1441 walisimamisha mti kwenye uwanja wa mji, wakacheza ngoma wakiuzunguka, na kwa sababu hiyo Tallinn hudai kuwa ndiko ulikoanzia mti wa Krismasi wa hadharani. Riga wanapinga, wana mwaka wao wa 1510, na wanahistoria wanabishana kama ule ulikuwa mti kweli au nguzo iliyopambwa. Mimi ubishi huo haunisumbui. Ninaona vijana walio mbali na mama zao, bahari imefungwa, wanatafuta namna ya kuimaliza miezi. Uwanja ni uleule, chini ya jumba la mji lililokamilika mwaka 1404, na mti husimamishwa hapo hadi leo. Pembeni kuna duka la dawa lililotajwa katika kumbukumbu za mwaka 1422, na bado linauza dawa.

Sasa mambo ya njiani. Mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi, na ikikaribia saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Saa hizo chache zitumieni nje: kwenye ukuta, ambao karibu kilomita mbili zake bado zimesimama, na kwenye vilele vya Toompea, mahali ambapo mapaa mekundu yenye theluji yanaonekana hadi baharini. Vaeni buti zenye soli ya kushika, kwa sababu mawe ya barabarani hufunikwa na barafu isiyoonekana. Mkikuta utepe umezuia njia kando ya jengo, msiuvuke. Umewekwa kwa sababu theluji na barafu huanguka kutoka kwenye paa, na huua. Tena sheria ya Estonia inamtaka atembeaye gizani avae kitu kinachoakisi mwanga wa magari. Hata watoto huning'iniza kimoja kwenye koti. Nunueni siku ya kwanza.

Giza likiingia, nendeni Niguliste, kanisa ambalo sasa ni jumba la makumbusho. Liliungua katika mashambulizi ya ndege za Kisovieti ya Machi 1944, likajengwa upya. Humo mtamwona Mauritius tena, katika picha ya altare iliyochorwa Bruges, mji wa Ubelgiji ya leo, mwishoni mwa karne ya 15, ambayo Vichwa Vyeusi waliiokoa makanisa yalipovamiwa na wafuasi wa mageuzi ya Kiprotestanti mwaka 1524. Angalieni saa za kufunguliwa kabla ya kwenda, kwani majira hayo hupunguzwa. Mkikosa nafasi ya mahali pengine popote, hapo msikose.