Antivairasi ya Kulipia? Kwanza Nionyeshe Orodha ya Misamaha

Ahsanteni. Wanaonifahamu wanajua nitakachosema, na naona wawili watatu wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Swali ni lile lile: nyumbani kuna kompyuta moja ya Windows, watoto wanafanyia kazi za shule, mama anawekea hesabu za kikoba, tununue antivairasi ya kulipia? Msinunue. Ningeweza kuishia hapo nikakaa, ila nikikaa mtakwenda kununua.

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea laptopu yake. Imekuwa nzito, na picha za harusi ya mwanawe hazifunguki. Kila jina la picha limeongezewa herufi za ajabu mwishoni. Akaniambia, "Na antivairasi nimenunua, mwanangu, risiti hii hapa." Kweli risiti ipo, imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa laptopu. Nikafungua ile programu. Kijani tupu, alama ya vema, umelindwa. Nikaingia kwenye mipangilio, kwenye orodha ya vitu ambavyo imeambiwa isivikague. Palikuwa na mstari mmoja: C, nukta pacha, mkwaju. Basi. Yaani diski nzima!

Nani kaandika? Fundi aliyempigia Windows. Aliweka ya kukraki, yaani isiyolipiwa, na kile kiprogramu cha kuiwasha bila leseni kikawa kinakamatwa na antivairasi kila akikiweka. Akachoka, akaisamehe diski yote. Mama wa watu analipa mlinzi, na mlinzi kaambiwa kila anayepita getini ni mjomba.

Najua mtu atasema, "Sasa hilo kosa la antivairasi?" Ndiyo nasema hivyo hivyo miaka yote! Angelipa mara tatu zaidi, mstari ule ungekuwa pale pale. Vitu vya kukraki karibu vyote huja na maagizo, na agizo la kwanza ni "zima antivairasi". Mgeni anakwambia kabla hajabisha hodi mfunge mbwa, nawe unafunga. Halafu unakuja kuniuliza ununue mbwa wa aina gani.

Mwingine atasema cha bure kinachokuja na Windows hakina nguvu. Kwanza si cha bure, kimo ndani ya bei ya Windows, kama umeilipia. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Microsoft wameweka antivairasi kamili humo humo, Defender. Maabara ya AV-TEST kule Magdeburg, Ujerumani, huzipima programu hizi mara kwa mara, na kwa miaka kadhaa sasa Defender inapata alama za juu, bega kwa bega na za kulipia. Ukiweka nyingine, Defender hujiweka pembeni. Hukupata walinzi wawili, umebadilisha mmoja. Na huyo mpya mchunguze. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast, kampuni ya antivairasi, ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza kumbukumbu za tovuti walizopitia watumiaji wake. Programu iliyokuwa ikijinadi kwamba inazuia watu wasifuatiliwe!

Masasisho, yaani marekebisho ambayo Windows huyapakua mtandaoni. Mnayaahirisha kwa ajili ya bando, nawaelewa, hata mimi bando linaniuma. Lakini WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili kama yalivyofungwa ya yule mwalimu, iliwaka Mei 2017, na kiraka cha kuziba tundu ilimopitia Microsoft walikuwa wamekitoa Machi. Miezi miwili watu wanabonyeza "nikumbushe baadaye". Kama bado uko kwenye Windows 10, masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo anza na hilo kabla hujafikiria antivairasi.

Hela ile ya antivairasi nunua diski ya nje, nakili picha zako, kisha ichomoe. Ichomoe! Ikibaki imechomekwa, kirusi kinachofunga mafaili kitaifunga nayo. Picha za harusi ya yule mwalimu hazikurudi. Alizonazo ni zile alizookoteza kwenye simu za ndugu.

Ofisi yenye kompyuta hamsini ni habari nyingine, na habari za simu nilitaka kuzigusa, ila mshereheshaji ananionyesha saa. Mwenye swali aje mbele. Mzee wa nyuma mwenye flashi mkononi, nakuomba, usiichomeke kwanza kwenye kompyuta ya watu.