Nani Alileta Maji ya Ubatizo?

Mazungumzo na akina mama na vijana baada ya misa ya Siku ya Marehemu Wote, Newala

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Padri, wazee wangu, shikamooni. Akina mama na vijana, habari za asubuhi. Nimepewa nusu saa, na wanaonifahamu wameshajua nitakalosema. Nimelisema Masasi, nimelisema Nanyamba, na leo nalirudia hapa nyumbani, kwa sababu bado hamjalifanya: kuandika habari za bibi zenu.

Wasifu wa Bibi yangu ulisomwa makaburini kwa dakika mbili. Niliuandika mimi, usiku wa mkesha, kwa tochi ya simu. Marehemu alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto 7, wajukuu 31 na vitukuu. Alisumbuliwa na presha. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Basi. Nikaikunja karatasi, watu wakaanza kutupia udongo. Miaka 90 na ushei iliingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na mistari ikabaki. Wasifu ule unaweza kumsomea mwanamke yeyote aliyezikwa upande huu. Badilisha idadi ya watoto, umemaliza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa nisikilizeni. Bibi ndiye aliyekuwa akileta maji ya ubatizo.

Ninyi wa hapa hamhitaji kuelezwa maana ya maji juu ya tambarare hii. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, mto hakuna. Maji yanatokea chini makorongoni, kule mnakotazama mkisimama Shimo la Mungu, ukingoni mwa tambarare. Mabomba yalianza kupanda huku miaka ya 1950, lakini si kila kijiji wala si kila siku. Kwa hiyo padri alipofika kubatiza, na kisima cha ubatizo kikawa kikavu kama jiwe lake, mtu alipaswa kushuka bondeni na kupanda na maji kichwani. Mtu huyo alikuwa na jina.

Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa tarehe 31 Oktoba, kesho yake sikukuu ya Watakatifu Wote, na watoto 11 walikuwa wanangoja ubatizo. Mnajua Oktoba ilivyo: kiangazi kimekomaa, korosho zinaanguka, mitungi inagonga tupu. Tulitoka jogoo la kwanza, Bibi na debe lake na ngata ya majani ya mgomba, mimi na kibuyu. Kule chini maji hayatiririki, yanajitoa taratibu. Unachota kata moja, unangoja, unachota nyingine. Wanawake wamekaa foleni kwa kunong'ona, maana bado usiku. Jua lilitukuta katikati ya mlima, na shingo ya Bibi ilikuwa imesimama wima, haitikisiki, midomo inasali zaburi. Alizijua kwa moyo. Alijifunza kusoma ukubwani, kwa katekista, chini ya mwembe, kwa kitabu cha sala.

Tulipofika juu tukasikia kilio. Jirani yetu, mzee wa Kiislamu, alikuwa amefariki usiku ule, na maji ya kumwosha hayakutosha. Bibi hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja msibani, akatua debe mbele ya wanawake, akasema pole, akamimina maji yote kwenye mitungi yao mpaka tone la mwisho. Kisha akaniangalia. "Mke mwenzangu, tugeuke." Nililia. Miguu ilikuwa inaniwaka. Akanibeba mgongoni kipande cha mteremko, debe tupu likiwa kichwani, akashuka tena.

Jioni tukiwa tunapanda mara ya pili, tulikuta wanawake watatu wa nyumba ile ya msiba wametushukia nusu ya njia. Walikuwa wametoka kuzika siku hiyohiyo. Hawakusema maneno mengi. Mmoja akampokea Bibi debe, akajitwisha, mwingine akachukua kibuyu changu, wa tatu akanishika mkono. Maji ya ubatizo yakaingia kanisani juu ya kichwa cha mama wa Kiislamu. Bibi akatandaza kitambaa cheupe juu ya debe, akalala hapohapo barazani ili mbuzi wasilifikie.

Asubuhi wakabatizwa watoto 11. Mmoja wao ameketi safu ya pili, ana mvi sasa.

Nilipokua nilikwenda kukitazama kitabu cha ubatizo. Kina safu ya jina la mtoto, safu ya wazazi, ya wadhamini, ya tarehe, ya padri aliyebatiza. Nimekipekua kwa kidole, mstari kwa mstari. Safu ya aliyeleta maji haipo.

Kuna kijana ataniambia: Mwalimu, kuteka maji ni kazi ya kila mwanamke, imani iko wapi hapo? Nalisikia kila ninapokwenda, na uvumilivu wangu kwa swali hilo umekwisha. Ungeshuka wewe mara mbili kwa siku moja? Angeweza kungoja padri arudi mwezi ujao. Angeweza kuwaambia wafiwa kwamba maji haya yana mwenyewe. Kama hiyo si imani, nionyesheni iliyo imani.

Mwingine, na huyu ni mtu wa kanisa, atasema maziko si mahali pa kumsifu mwanadamu. Fungua Matendo, sura ya 9. Dorkasi amekufa kule Yafa, Petro anaingia chumbani, na wajane wanafanya nini? Wanalia huku wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Petro hakuwakemea. Hakuwaambia wafupishe kwa sababu ya muda. Na Paulo, alipotaka kumkumbusha Timotheo imani yake ilikotoka, alimtaja bibi kwa jina, Loisi, kabla hajamtaja mama. Sisi tunashindwaje?

Historia ya kanisa letu la Anglikana mnaijua. 1876 Askofu Steere na watu waliokombolewa utumwani wanafika Masasi. 1882 Wamagwangwara, yaani Wangoni, wanashambulia, misheni inahamia huku Newala. 1905 vita vya Majimaji, kanisa la Masasi linachomwa. 1926 Masasi inakuwa dayosisi, chini ya Askofu Lucas. 1960 anakuja Askofu Huddleston. Nawaheshimu wote, na sitaki mtu atoke hapa akisema nimewadharau maaskofu. Ila kila jina hapo ni la mwanamume, na hao wote walikula ugali wa muhogo uliotwangwa na mtu, wakanywa maji yaliyopandishwa na mtu. Baada ya moto wa 1905, nani waliwakusanya watoto jioni wakawafundisha tena Baba Yetu? Tafuteni majina yao. Mimi nimetafuta.

Nilikuja na mambo manne ya Bibi, na la maji ndilo la kwanza. La pili lilikuwa habari ya unyago, jinsi Bibi alivyokaa na mabinti wa kanisa akawafunda bila kuwatenga na wenzao wa mtaani. Hilo linataka siku yake, na linataka akina mama peke yao. La tatu, sadaka ya korosho: gunia la kwanza lilikwenda kanisani hata mwaka ule tuliposhindia ming'oko, viazi vya porini. Namwona Baba Padri anatazama saa. La nne naliacha.

Vijana, mna simu zenye kurekodi. Wengi wenu bibi zenu wako hai, wamekaa barazani sasa hivi wanachambua mbaazi. Msimuulize bibi habari za maisha yake, atawaambia hana habari. Muulizeni maji walikuwa wanachota wapi, na nani alikuwa anamtwisha. Kaeni chini, msiwe na haraka. Akinyamaza, ngojeni, kama foleni ya bondeni.

Daftari liko pale mlangoni, karibu na kisima cha ubatizo. Nimechora safu moja tu. Na wewe mama wa safu ya pili, mwenye mvi, anza wewe. Jina la aliyekuletea maji unalijua, nimeshakutajia. Andika na ya wale watatu, njoo nikutajie.