Kiti cha Mkuu na Hofu ya Kuumbuka

Walimu wakuu wenzangu wa Nakuru, hamjambo.

Nilipopewa shule kwa mara ya kwanza, nilikuwa nafika ofisini kabla bawabu wa usiku hajaondoka. Watu walisema nina bidii. Ilikuwa hofu. Nilisubiri mtu aingie aseme barua ya kunipandisha cheo iliandikwa kwa makosa.

Mwaka 1978, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa katika masomo na kazi. Wana shahada, wanasifiwa, na bado waliamini wamewahadaa watu. Kufaulu kwao waliita bahati, au kosa la aliyewachagua. Baadaye ilionekana wanaume nao wamo.

Kwetu cheo huikoleza hofu hii. Ukiwa mwalimu wa kawaida, unamuuliza mwenzako katika chumba cha walimu, yanaisha. Ukiwa mkuu unamuuliza nani? Bodi inataka majibu. Mzazi akikukuta sokoni Wakulima anataka majibu hapo hapo, kabla hata hujalipia sukuma wiki.

Basi nikajifanya najua. Mhasibu aliniletea makadirio yenye mafungu nisiyoyaelewa, nikaitikia kwa kichwa, nikatia sahihi. Kufikia muhula wa pili, pesa za ukarabati zilikuwa zimelipia chakula, na wavulana wa bweni moja walikuwa wakisogeza vitanda usiku kukwepa paa linalovuja. Hakuna aliyeiba. Mimi niliogopa kuuliza swali la dakika tano, mimi ninayewaambia watoto kila siku kwamba kuuliza si ujinga.

Kutojua vitabu vya hesabu lilikuwa pengo la kweli, na pengo huzibwa. Kuamini kwamba kwa pengo hilo sistahili kiti, huo ulikuwa uongo. Nilivichanganya hivyo viwili, nikavificha vyote, na wavulana wale wakalipa.

Siku niliyomwambia mhasibu, "Nifundishe," alivuta kiti, akanieleza hadi saa kumi na moja jioni. Kisha akaniambia kwamba kwa miaka yake yote pale, hakuna mkuu aliyewahi kumwomba hivyo.

Clance na Imes waliona kwamba katika kikundi, mmoja akithubutu kusema, wengine hufunguka. Kwa hiyo kabla ya chai, mgeukie jirani yako, umtajie jambo moja la ofisi yako usilolielewa. Naanza mimi: sheria ya ununuzi.