Taa Isiyowaka: Mhadhara kwa Madereva Kabla ya Vuli

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana wa daladala mliokaa karibu na mlango: sogeeni mbele, nafasi ipo. Abiria watawangoja.

Vuli inakuja. Masika kila mtu anayaogopa. Gari zinapelekwa kwa fundi, waipa zinabadilishwa, tairi zinatazamwa. Vuli tunaidharau kwa sababu mvua yake ni ya kupita: inanyesha kidogo, jua linatoka, tunasahau. Lakini barabara imekaa kavu tangu kipupwe. Imejaa vumbi, oili iliyodondoka na mpira wa tairi uliosagika. Mvua ya mwanzo haiisafishi, inavichanganya vyote hivyo, na kwa nusu saa hivi lami inateleza kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Tena magharibi ya Oktoba inaingia karibu nusu saa mapema kuliko ya Februari. Watu wanarudi nyumbani kiza kimeshatanda, kioo kimepiga ukungu, na mbele kuna gari ya ng'ombe isiyo na hata kibati cha kumeta. Hitilafu ndogo uliyoivumilia Agosti ndiyo itakayokusimamisha hapo. Na mara nyingi gari ilishakwambia.

Basi nauliza swali langu lile lile, na walionisikia kabla wanyamaze. Taa ipi kwenye dashibodi ndiyo ya hatari zaidi? Nasikia oili. Nasikia breki. Mimi nasema ile isiyowaka kabisa.

Tufahamiane hapa, maana hapa ndipo pananiuma. Ingia garini, usiwashe injini. Zungusha ufunguo mpaka ON, hatua ya mwisho kabla ya stata. Kama gari yako ni ya kitufe, weka mguu mbali na breki, bonyeza mara mbili. Sasa ngoja. Taa ya oili, ile ya kibirika, lazima iwake. Ya betri iwake. Ya injini, ile ya njano, iwake. ABS, ya mtambo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, iwake kisha izime yenyewe baada ya sekunde tatu hivi. SRS, ya mifuko ya hewa, iwake na izime yenyewe kwa sekunde sita hivi. Ya breki ikae inawaka ikiwa handibreki iko juu. Ukiwasha injini, ya oili, ya betri na ya injini zote zizime. Kazi yote hiyo haifiki sekunde kumi.

Kwa nini gari inawasha taa zake zote wakati hakuna ubaya? Inakuonesha kuwa balbu ni nzima. Kama kibirika hakikuwaka kwenye ON, basi hata oili ikimalizika yote njiani hakitawaka. Utakwenda umetulia, dashibodi safi, huku injini inajisaga.

Na mara nyingi balbu haikufa, imeuliwa. Gari ina hitilafu ya ABS, mwenye gari anataka kuuza, kutengeneza ni ghali. Balbu inatolewa. Au inabandikwa utepe mweusi kwa ndani. Au, na huu ndio mchezo wa mafundi hodari, waya wa taa mbovu unaungwa na waya wa taa nzima. Mnunuzi anaona SRS imewaka, kisha imezima. Anaridhika, anatoa pesa.

Lakini tazama namna inavyozima. SRS ya haki inajihesabia yenyewe na kuzima, injini ikiwa bado imelala. Ile iliyoungwa na waya wa oili haijihesabii. Inakaa inangojea injini, na inazima sambamba na kibirika, pamoja kabisa. Kwa hiyo anayekuuzia gari usimruhusu aiwashe kabla hujakaa wewe kitini. Mwambie, ndugu yangu, niache mimi niiwashe. Weka ON, hesabu mpaka kumi, halafu ndiyo uwashe. Taa isiyozima mpaka injini iungurume, na ilitakiwa izime kabla, imechezewa.

Najua utakaloniambia. Utasema, fundi, gari imetoka Japani moja kwa moja, nani wa kuichezea? Gari kuukuu imepita mikono mingi kabla ya kufika bandari ya Malindi hapa Unguja, na mingine baada ya hapo. Mwengine atasema, mimi sijui kusoma Kijapani kilichoandikwa. Alama za taa muhimu ni picha, hazina lugha: kibirika, betri, kipimajoto ndani ya maji, mshangao ndani ya duara. Mtoto wa skuli anazisoma. Na wa tatu, huyu ananichosha kuliko wote, atasema taa ya njano imewaka miaka miwili na gari inakwenda. Inakwenda, ndiyo. Lakini taa ile ni moja kwa hitilafu nyingi sana. Ikiwa imeshawaka kwa sensa ya ekzosi, siku plagi ikikorofika itakuonesha nini? Imeshawaka. Umeiziba midomo kwa kuizoea.

Rangi mnazijua, sitazirudia. Ila buluu moja inawatia watu hofu bure. Vitz, IST na ndugu zao wengi wa Toyota hawana mshale wa joto, wana taa mbili tu. Asubuhi kipimajoto cha buluu kinawaka, maana yake injini bado ni baridi, kitazima ndani ya dakika chache. Huna haja ya kumwita mtu. Endesha taratibu mpaka kizime. Chekundu ndicho cha kusimama.

Sasa kibirika. Watu wanadhani taa hii inapima oili ni kiasi gani. Haipimi kiasi, inapima shinikizo. Oili inaweza kupungua lita nzima na taa isiseme kitu. Injini ya IST inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Ukingoja taa ikwambie, umeshachelewa sana. Kijiti ndicho kinachopima kiasi. Kila wiki, gari mahali palipo sawa, injini imezimwa dakika tano au zaidi. Chomoa, futa, rudisha mpaka chini, chomoa tena, usome baina ya alama mbili.

Kibirika kikiwaka kwenye kona tu, au unapofunga breki, au unapopanda vilima vya Pemba baina ya Mkoani na Chake, kisha kikazima, kuna watu wanasema ni waya. Mara nyingi si waya. Oili imepungua, inakimbilia upande mmoja wa sampu, bakuli la oili chini ya injini, pampu inafyonza hewa. Kila kikimeta, beringi za krenki zinakwenda kavu. Kikiwaka kikakaa, usitafute kituo cha mbele, usiseme nifike kwanza. Toka barabarani, zima. Ngoja dakika kumi, pima, ongeza kama imepungua, washa. Sekunde chache zikipita taa haijazima, zima tena uite gari ya kukuvuta. Gharama ya kuvutwa huwezi kuilinganisha na injini.

Taa ya betri nayo inaonewa. Ikiwaka, mtu anakimbilia duka la betri. Taa hiyo inasema betri haichajiwi, na mkosaji mara nyingi ni alteneta au feni belti. Chukua mita: injini imezimwa, betri iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi, injini inaunguruma, iwe baina ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12, betri mpya itakufa kama ya zamani. Na vuli ndiyo inayoiua haraka, kwa sababu usiku wa mvua umewasha taa kubwa, waipa, na feni ya kioo, vyote vinakula pamoja. Belti iliyolegea ikirushiwa maji ya dimbwi inapiga kelele na taa inameta. Ikaze au uibadilishe, belti yenye nyufa haina dawa.

Hapa nataka mnisikilize. Kwenye injini nyingi za gari hizi ndogo, belti hiyo hiyo moja inazungusha alteneta na pampu ya maji. Taa ya betri ikiwaka, na muda si muda kipimajoto chekundu kikafuata, belti imekatika. Injini haina maji yanayozunguka. Simama pale pale. Ukisema Mwera si mbali, utafika Mwera na silinda hedi imepinda.

Na maji yenyewe! Tunachota kisimani, tunatia kwenye rejeta. Visima vyetu vya pwani vina chumvi, unaijua ukikoga. Chumvi ile inakula aluminiamu na kuacha ukoko ndani ya rejeta, kisha unashangaa gari inachemka kwenye foleni ya Darajani. Mtu ananambia kulanti ni ya Ulaya, kwao kuna barafu, sisi ya nini? Kulanti inazuia kutu, na inayapandisha maji yachemke kwa joto kubwa zaidi. Kutoganda ni faida yake ya tatu, hiyo ndiyo tusiyoihitaji. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa ya betri, au nunua iliyokwisha kuchanganywa. Na mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa moto. Ndani mna shinikizo; ukifungua, maji yanageuka mvuke mara moja na kukurukia usoni. Ngoja mpaka bomba la juu la rejeta lishikike kwa mkono.

Nimezungumza sana kuhusu injini, na breki bado. Taa nyekundu ya breki, handibreki umeshaishusha, mafuta ya breki yamepungua. Usiongeze tu ukaondoka. Yamekwenda wapi? Ama yanavuja, tazama ndani ya magurudumu, ama pedi zimekwisha na mafuta yameshuka kuzifuata. Na mafuta hayo yananyonya unyevu wa hewa, nasi tunaishi ndani ya unyevu. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205. Ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140. Ukishuka kilima umekanyaga breki mfululizo, inachemka, pedali inazama mpaka sakafuni. Badilisha yote kila miaka miwili, na kwenye mteremko tia gia ya 2 au L, injini ikushike.

Taa ya injini ikimeta badala ya kukaa, punguza mafuta mguuni. Silinda moja haiwaki, petroli mbichi inakwenda kuungua kwenye ekzosi na kuiharibu katalisti, kisafisha moshi. Baada ya dimbwi kubwa hutokea, koili zimeingia maji. Taa ya njano ya O/D OFF, yaani gia ya juu imefungwa, ikikaa, umegusa kitufe kwenye gia. Kwenye Toyota ikimeta yenyewe, giaboksi ina maradhi.

Muda unanikimbia, mniwie radhi, tairi nazisema kwa ufupi. Kina cha uzi kisipungue milimita 3 wakati wa mvua, 1.6 ni mwisho kabisa. Tarakimu nne ubavuni ni tarehe ya kuzaliwa: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Upepo fuata kibandiko cha mlango wa dereva. kPa 230 ni psi 33 hivi. Tairi laini haisukumi maji, inapanda juu yake, na ukanyagaji wa breki hapo haukusaidii. Ondoa mguu kwenye petroli, shika usukani sawa, ngoja ishike.

Hazadi, indiketa zote zikimeta pamoja, tusiziwashe tukiwa tunakwenda kwenye mvua, tafadhali. Mtasema zinakufanya uonekane. Kuonekana kuna taa kubwa, zishushe chini. Ukiwasha hazadi indiketa zako hazionekani tena, na aliye nyuma anadhani umesimama. Ukungu wa kioo: washa eyasii, elekeza hewa kwenye kioo, itakausha.

Na maji ya barabarani. Mnayakumbuka ya Mwanakwerekwe na Kibondemzungu. Sentimita 15 zinagusa tumbo la gari ndogo, 30 zinaweza kuifanya ielee. Usimfuate aliyepita, Land Cruiser yake si Vitz yako. Injini ikizimikia ndani ya maji usiipige stata hata mara moja. Maji yaliyoingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa. Pistoni inayapiga, mkono wake unapinda. Vuta nje, fungua ea klina, kichujio cha hewa, ikiwa imerowa mwite fundi atoe plagi. Ukivuka salama, kanyaga breki kidogo kidogo huku unakwenda mpaka zikauke. Na kama ni maji ya bahari, kwa wale wa pwani mnaoshukia mchangani, osha chini kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, maana soketi za sensa za ABS zinaoza kwa chumvi.

Maswali mengine tutayajibu nje. Kuna gari nne pale uwanjani, na ninaona wengi mna funguo mikononi. Kila mmoja na gari yake, ON, bila kuwasha, mhesabu kumi kwa sauti. Isiyowasha kibirika, mwenyewe anyooshe mkono, tuanze na yake.