Mkia wa Njiwa: Chora kwa Ubao, Siyo kwa Futi

Shikamooni wazee wangu mafundi. Vijana mnaoanza useremala, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie kiungo cha mkia wa njiwa, kile cha pembe za droo, ambapo meno ya ubao mmoja, yaani mikia, hupanuka kuelekea nchani kama mkia wa njiwa, na namna ya kujifunza kwa waliokizoea. Kijana akipewa mbao mbili hushika futi, akapima mikia kwenye ubao wa kwanza, kisha akapima tena pini, yaani meno yanayoingia katikati ya mikia, kwenye ubao wa pili. Hesabu iko sawa, lakini mbao zinakataa kuingiana. Sasa mtazame mzee. Akishakata mikia, futi anaiweka kando. Ubao wa pili anausimamisha kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, juu yake anaulaza ule wenye mikia, anaukandamiza kwa mkono wa kushoto usicheze, halafu anapitisha ncha ya kisu ubavuni mwa kila mkia. Hata mkia mmoja ukiwa umepinda kidogo, alama inapinda nao, na kiungo kinakaa. Anatumia kisu kwa sababu penseli ina unene, na unene huo ndio ufa utakaouona baadaye.

Kwenye kukata, fuata macho yake. Msumeno unapita upande wa kipande kitakachotupwa, mstari unabaki. Ukiula mstari, pini italegea, na gundi haitakuokoa. Patasi anaishusha hadi nusu ya unene, anageuza ubao na kumalizia upande wa pili, ili uso usimeguke. Mstari wa mahati, ule unaoonyesha mkia au pini inaishia wapi, anaufikia mwisho kabisa, kwa patasi iliyonolewa upya.

Mwinamo wa mkia: paini na mbao laini, 1 kwa 6, yaani kipimo 1 kwa upande kwa kila vipimo 6 vya urefu; mninga au mvule, 1 kwa 8. Ukizidisha, ncha za mkia zinabaki na nyuzi fupi na kuvunjika. Ukipunguza mno, kiungo kinachomoka. Kuhusu kuanza na mikia au pini, mafundi wanabishana mpaka leo. Mfuate unayejifunza kwake.

Mtaniuliza, kwa nini tusipige misumari tu? Mbao hupanuka masika na kusinyaa kiangazi. Kwenye droo, nyuzi za mbao zote nne zinazunguka kwa mlalo, kwa hiyo mbao zinapanuka pamoja kwenda juu na chini, na pembe inabaki imeshikana. Msumari haupanuki na ubao. Unalegea, na huku Pwani unashika kutu. Mafundi wa Misri ya Kale walikata viungo hivi kwa misumeno ya shaba, kwa hiyo kukosa mashine kusimzuie mtu hapa.

Ombi langu kwenu vijana: mwombeni mzee awaachie mshike ubao wakati anachora. Hapo ndipo mtahisi anavyoukandamiza, jambo ambalo hakuna picha inayolionyesha.

Paini iko mezani. Kila mzee atachukua vijana wawili. Anzeni kwa kunoa patasi.